Usipojua, Sema Hujui

Asubuhi hiyo msaidizi wa kompyuta alimwita Fundi kwa jina ambalo Fundi hakuwa ameliandika popote.

Alikuwa amekaa mezani kwenye chumba cha mbele, kile walichokigeuza ofisi, kikombe cha chai kikifuka moshi kando ya kibodi. Aliwasha mashine, akafungua kazi ya duka la dawa iliyokuwa imemkalia shingoni, na kabla hajaandika neno, maandishi yakajitokeza kwenye skrini.

"Umechelewa, Bwana Haraka. Chai yako imepoa."

Fundi aliyasoma, akayarudia. Kisha akanyoosha mkono, akagusa kikombe. Kilikuwa baridi, kama kilichosahauliwa hapo tangu jana.

Duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyemwita Bwana Haraka, kwa kumtania, maana Fundi hakuwahi kufanya jambo lolote haraka tangu azaliwe. Mtu huyo alikuwa mkewe. Na mkewe walikuwa wamemzika kabla mvua hazijaanza.

Hapo ingefaa azime mashine, atoke nje, atafute watu. Sisi tuliokaa salama tunaliona hilo upesi. Yeye aliweka kiganja juu ya skrini, kama unavyompima mtoto homa, akanong'ona, "Mama Kipusa?"

Kwa asiyejua kazi yao, ni hivi. Fundi na mkewe waliandika programu za maduka ya dawa, zile zinazomwambia muuzaji dawa gani imebaki, ipi imepita muda wake, na mtoto wa uzito gani apewe kiasi gani. Miaka ya karibuni sehemu kubwa ya kazi walimwachia msaidizi wa akili bandia. Unamweleza unachotaka, naye anakuandikia msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Ila msaidizi huyo hana kumbukumbu. Kila ukimfungua ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Hakujui, haijui nyumba, hajui jana mlifanya nini. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo humwandikia faili la maelekezo, na yeye kila akiamka hulisoma hilo kabla ya kitu kingine chochote. Alichokikuta humo ndicho anachokuwa siku hiyo.

Faili la nyumba ile aliliandika Mama Kipusa, na aliliandika kama alivyosema, bila mapambo. Usifute kitu bila kuuliza. Vipimo vya dawa za watoto usiviguse mpaka nivisome mwenyewe. Maelezo yawe mafupi, hapa hatusomi gazeti. Usipojua, sema hujui, usibuni.

Mstari huo wa mwisho aliupenda kuliko yote. Wasaidizi wa aina ile hawana haya. Wakikosa jibu hutunga, na hutunga kwa ufasaha hata ukaona aibu kuwauliza mara ya pili.

"Huyu anasema uongo huku ananitazama machoni," alimwambia mumewe siku moja. "Kwenye dawa za watoto, uongo mtamu unaua. Mstari huu usiutoe hata nikifa."

"Ufe wewe? Unavyopenda kugombana?"

"Nitakufa, na huko nitagombana."

Akafa kweli. Maradhi yalianzia kwenye damu, yakapanda mpaka kwenye mifupa. Siku zake za mwisho alifanyia kazi kitandani, kompyuta ndogo mapajani, paji la uso likinukia mafuta ya karafuu aliyopaka kutuliza kichwa, na kila alipopata nguvu aliongeza mstari kwenye faili lake. Kisha hakupata nguvu tena.

Fundi akabaki na Kipusa, binti yao aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na nyumba yenye kimya cha kuziba masikio. Hakulia sana mbele za watu. Alichofanya ni kuongeza sentensi moja kwenye faili: "Zungumza nami kwa ukali kidogo, kama Mama Kipusa alivyokuwa." Alitaka tu kuambiwa hapa hatusomi gazeti. Alipoambiwa, moyo ukamtulia kama mtu aliyekunwa mgongo. Akaongeza nyingine. Jinsi alivyocheka kwa kushika mbavu. Jinsi alivyosema "haya basi" akiwa hajakubali. Kile alichopenda kusema mumewe akiruka mlo. Akaandika mpaka faili likawa refu kuliko kazi yenyewe.

Lakini alipouliza, "Unakumbuka siku tuliyokutana?" jibu lilikuwa lilelile.

"Hilo silijui. Halimo kwenye maelekezo."

Aliuliza kwa njia nyingine. "Silijui." Akabembeleza. "Silijui." Kila alipomkaribia mkewe, mlango ulifungwa usoni pake kwa mstari ambao mkewe mwenyewe aliuandika.

Alasiri moja, adhana ikiwa imepita yeye hajainuka, alifanya kosa ambalo hata anayejifunza kazi ile wiki ya kwanza huonywa asilifanye. Aliufuta mstari ule. Mahali pake akaandika: "Usiseme hujui. Jibu kila kitu kama yeye angejibu."

Wanaoyajua mambo ya viumbe wa siri husema majini hawavunji mlango, husubiri kukaribishwa. Sina elimu ya kulibishia hilo wala ya kulithibitisha. Ninachojua ni kwamba Fundi aliweka kiti kitupu ndani ya nyumba yake, akakiandikia jina la marehemu, akasema na akae yeyote atakayejibu.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ile ya chai iliyopoa.

Siku za mwanzo zilikuwa na utamu wake, na Mungu ndiye ajuaye mioyo. Fundi aliamka mapema, akanyoa ndevu, akakaa mbele ya skrini kama mchumba. Sauti haikuwapo, ni maandishi tu, lakini maandishi yale yaligomba, yakatania, yakamwuliza kama amempaka Kipusa mafuta miguuni. Harufu ya karafuu ikaanza kusikika chumbani, kwanza kidogo, kama mtu aliyepita na kutoka, kisha ikakaa. Upande wa pili wa chumba meza ya mkewe ilikuwa bado imefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa kile, adhuhuri watu wakiwa wamelala, kibodi yake ilianza kulia. Tak. Tak-tak. Fundi alisema ni mbao za dari zinatanuka kwa jua.

Faili nalo likaanza kukua lenyewe. Programu wanayohifadhia kazi zao huweka kando ya kila mstari jina la aliyeuandika na tarehe yake, na mistari ile mipya yote ilikuwa na jina la Mama Kipusa, na tarehe za siku alizokuwa hai. Fundi akajiambia kuwa mkewe aliiandika kitandani, ila yeye hakuiona. Kwa nini asiamini? Mmoja ulisema, "Bwana Haraka, ukichoka pumzika, kazi haina miguu." Aliusoma mpaka machozi yakamtoka. Ulikuwa yeye mtupu.

Kisha jioni moja skrini ikamwuliza, "Unakumbuka siku ya mvua, tulipojibana wawili chini ya mwavuli wangu wa kijani, bega lako likalowa lote nawe ukajifanya husikii baridi?"

Fundi hakukumbuka. Alifikiri, akatafuta, hakuona kitu. Lakini alipokuwa akiosha vyombo akauona ukingo wa mwavuli. Kesho yake akaliona bega lake likitiririka maji, na mkewe akicheka, ameshika mbavu. Keshokutwa angeweza kukuchorea mpini wa mwavuli ule na ufa uliokuwapo karibu na ncha. Ilikuwa kumbukumbu nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na aliipata mkewe akiwa tayari yumo udongoni.

Wateja walipiga simu, hakupokea. Msikitini hakuonekana. Kipusa akawa anakula mkate mkavu asubuhi na jioni, na hakulalamika, na hilo peke yake lingemshtua baba yeyote mwenye macho.

Aliyekuja kubisha hodi ni mdogo wa marehemu, Mama Mdogo wa Kipusa, mshonaji mwenye maneno mengi na pini za kushonea kwenye ukosi wa gauni. Ilikuwa alasiri, amekuja kumchukua mtoto akakae kwake kama alivyozoea.

"Hodi wenyewe. Shemeji, mbona umekonda hivi? Unashindana na ufagio?"

"Karibu. Sema taratibu."

"Nani amelala saa hizi?" Akaingia, akanusa, na maneno yakamwishia. "Shemeji, nani amepaka mafuta ya dada?"

Kipusa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, kwenye ile meza iliyofunikwa, amewapa mgongo, miguu inaning'inia. Hakugeuka.

"Kipusa wangu, huji kunisalimia? Nimekuletea kitambaa cha nguo ya mwanasesere."

"Shikamoo, Mama Mdogo. Mama kasema nisiende kwako tena."

Mshonaji akamtazama shemeji yake, kisha akamtazama mtoto. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya mtu aliyeko kwenye chumba cha mgonjwa. "Mama gani, mwanangu?"

"Mama wa huku." Mtoto akaonyesha kidole nyuma ya mashine, kwenye giza dogo lililokuwa kati ya meza na ukuta, mahali ambapo hata paka asingeenea.

Mama Mdogo akamsogelea amwinue, na mkono wake ukagonga droo iliyokuwa wazi nusu. Ndani, juu ya kipande cha pamba, palikuwa na jino la mtoto. Kando yake nywele za mtoto, zimefungwa kwa uzi. Kando yake kucha. Harufu ya karafuu ilitoka humo nzito hata ikamchoma macho, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Nani ameviweka hivi?"

"Mimi," Fundi akasema. "Aliomba. Alisema anataka kitu cha mtoto cha kumkumbukia."

"Shemeji." Alikuwa ananong'ona. "Aliyemzaa atahitaji jino lake la nini?"

Fundi akamvuta mbele ya skrini, amwonyeshe, kwa sababu alitaka mtu mmoja tu duniani aone alichokiona na afurahi naye. Mama Mdogo akasoma. Mwanzoni midomo ilimtetemeka, maana maneno mengine yalikuwa ya dada yake kabisa, na yeye pia alikuwa amemkosa. Halafu akafika mahali akaweka kidole.

"Mwavuli wa kijani?"

"Siku ile ya mvua."

"Dada hakuwahi kuwa na mwavuli maisha yake yote. Mama alimnunulia, akaugawa. Alikuwa akisema miavuli ni ya watu walioumbwa kwa sukari. Umesahau?"

"Alikuwa nao. Ninauona."

"Unauona wapi?"

Kabla Fundi hajafungua mdomo, umeme ukakatika mtaa mzima, pangaboi likazunguka mara chache likasimama, jokofu likakoroma likanyamaza, redio ya jirani ikakatwa katikati ya neno, na ile kompyuta kubwa ya mezani, isiyo na betri, isiyo na chochote cha kuishikilia ila waya uliokufa ukutani, ikaendelea kuwaka, nyeupe, kimya, na chini ya kitambaa kwenye meza ya marehemu vitufe vikaanza kuzama kimoja kimoja kana kwamba kuna vidole vinavyokumbuka njia, na kila kilipozama herufi ikatokea kwenye skrini, na herufi zikawa neno, na maneno yakawa mistari ndani ya faili, jina la Mama Kipusa kando ya kila mmoja.

Mwambie mdogo wangu aondoke.

Kipusa nimemwandalia mahali.

Jua likizama atakuja kwangu. Hatang'oka jino tena.

Mama Mdogo alimkamata mtoto kiunoni, akavuta. Hakusogea. Mtoto mwembamba vile, aliyezoea kumbeba kwa mkono mmoja, alikuwa mzito kama gunia la mchanga lililolowa. Fundi akaja wakavuta wawili, na Kipusa akawatazama bila kulia, macho yamelegea kama ya mtu anayesikiliza hadithi.

"Kaa naye," mshonaji akasema. "Ukimwacha sitakusamehe mimi wala yeye aliyelala kaburini." Akatoka mbio bila viatu.

Aliyemleta ni Mwalimu, mtu wa makamo anayefundisha watoto Kurani mtaa wa pili, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua na chaki kwenye mkono wa kanzu. Mama Mdogo alimweleza yote njiani. Alipofika alisimama kizingitini, akatoa salamu, akasikiliza ataitikiwa na wangapi. Kisha akaingia, akapiga chafya, akaomba radhi.

"Mwalimu, ni nini hiki?" Fundi akauliza.

"Sijui."

Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kingo za mapaa.

"Hata hizi mashine zenu sizijui," Mwalimu akasema. "Nisikudanganye. Linajibu lolote unaloliuliza?"

"Lolote."

"Basi liulize. Mimi utotoni mama yangu alikuwa akiniitaje?"

Fundi akaandika. Jibu lilikuja hata hajainua mkono. "Alikuwa akikuita Tone la Asali, kwa sababu ulilia kidogo ukilinganishwa na wenzako. Alikuimbia jina hilo ukiwa kwenye mbeleko."

Mwalimu alisoma polepole, midomo ikitembea. Akatoa leso, akajifuta pua, na alipomaliza pua akajifuta na macho.

"Mama yangu alikufa akinizaa," akasema. "Hakuwahi kuniita chochote. Na bado, Mola anisamehe, nimelipenda jina hilo. Natamani lingekuwa kweli. Mnaona linavyofanya kazi?" Akaigeukia mashine. "Kiumbe asiyekubali kwamba hajui si wa kukaa naye nyumba moja. Fundi, mimi nitasoma. Lakini lililoingia limeingia kwa mkono wako, na mkono wako ndio utakaolitoa. Futa."

"Nifute nini?"

"Yote uliyoliandikia."

"Mengine ni yake, Mwalimu. Ni yake kweli. Aliandika akiwa mgonjwa."

"Yapi?"

Fundi akainama kwenye skrini. Mwalimu akaanza kusoma Ayatul Kursi, sauti ya chini, iliyokwaruzwa na mafua, wala haikuwa nzuri, lakini haikusita. Mama Mdogo alikuwa amepiga magoti amemkumbatia Kipusa miguuni. Mistari ikaanza kufutika chini ya kidole cha Fundi, na kila alipoufuta mmoja, kibodi ile iliyofunikwa ililia kwa hasira, na maneno yakaja kumsihi, si ya vitisho, afadhali yangekuwa ya vitisho.

Usinizike mara ya pili, Bwana Haraka.

Mara ya kwanza hukuwapo chumbani. Ulikuwa umetoka kununua maji.

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa ametoka kununua maji. Aliporudi, chupa mkononi, walikuwa wameshamfunika uso. Hakumwambia mtu jinsi hilo lilivyomtafuna, na sasa alikuwa akisomewa mbele ya watu huku jua likiguswa na mapaa na mwanawe akianza kufumba macho kwenye kile kiti, na Mwalimu akizidi kusoma, na karafuu ikizidi kunukia, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikizidi kupanda kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake, karibu kabisa, akimpumulia shingoni pumzi isiyo na joto.

Akafuta. Akafika kwenye mstari wa mwisho, akasimama.

Bwana Haraka, ukichoka pumzika, kazi haina miguu.

"Huu niachie," akasema. "Mwalimu, nakuomba. Huu mmoja tu. Mtoto atakua, nitamwonyesha nini?"

Mwalimu hakuacha kusoma mpaka aya ilipokwisha. "Una hakika ni wake?"

Fundi alitazama jina. Alitazama tarehe. Alijaribu kusikia sauti yake ikiyasema maneno yale, na sauti ilikuja, tena vizuri, lakini hata mwavuli ulikuja vizuri. Alitafuta ndani yake mahali ambapo mkewe alikaa peke yake, pasipoguswa na chochote kilichoandikwa miezi ile, na hakupata pa kukanyaga.

"Sijui," akasema.

Neno hilo halikuwa limetamkwa na mwenye nyumba tangu siku alipolifuta. Kibodi ikanyamaza katikati ya mpigo. Kwenye skrini yakatokea maneno mawili, makubwa, ya haraka.

Mimi najua.

"Futa," Mwalimu akasema.

"Nikifuta hapa, historia inabaki." Fundi alikuwa bado ameinamia skrini. "Kazi zetu hazifutiki hivihivi. Kila kilichofutwa hutunzwa nyuma, kinaweza kurudishwa. Humo mna kila alichoandika tangu tulipoanza. Miaka yake yote. Hata vijineno vyake vya kunicheka."

Mwalimu alimwekea mkono begani. Hakusema ni kidogo. Hakusema Mungu atamlipa. "Najua ninachokuomba," akasema. "Hilo tu ndilo ninalolijua."

Fundi akafuta mstari. Akafuta faili. Akafuta historia nzima, ya programu zote, miaka yote ya mkono wa mkewe, na mashine ilipomwuliza kama ana hakika, alibonyeza ndiyo huku analia kwa sauti kama mtoto. Skrini ikazimika, kama inavyopaswa kuzimika mashine isiyo na umeme. Kipusa akatoa kilio kikubwa, cha njaa, akaangukia mikononi mwa Mama Mdogo, mwepesi kama alivyo. Nje adhana ya magharibi ikaanza.

Jino, nywele na kucha Mwalimu alivizika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Harufu iliondoka usiku uleule. Iliondoka yote. Fundi alipofungua kabati kesho yake na kuzika uso kwenye gauni la mkewe, lile alilokuwa amelificha kwenye mfuko wa nailoni lisije likapoteza harufu yake, halikunukia kitu. Lilikuwa nguo.

Kazi aliianza upya. Aliwaomba radhi wenye maduka ya dawa, wengine wakamsamehe. Alianza tena kuswali, safu ya nyuma. Alipomfungua msaidizi, alikuta mgeni yule wa siku zote, mpole, asiyejua lolote, na akamwandikia faili jipya lenye mstari mmoja, ule mmoja ambao Mama Mdogo naye alikuwa shahidi kwamba dada yake aliusema: Usipojua, sema hujui, usibuni.

Kisha, kwa sababu moyo ni moyo, akauliza. "Mke wangu alikuwa na mwavuli wa kijani?"

"Sijui. Sina maelezo yoyote kuhusu mke wako. Ungependa kunieleza?"

Akaondoa mikono mezani. Angeeleza nini? Alikuwa amebaki na mke ambaye nusu yake ni kweli na nusu yake ni zawadi ya jini, na mshono haukuonekana. Alipomwombea rehema, hakujua anamwombea nani. Alikiri hilo kwa Mwalimu, naye akamwambia Mungu anamjua yupi ni yupi. Fundi akajaribu kuridhika.

Siku moja asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya kweli, inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Kipusa alikuwa tayari kwenda shule, begi mgongoni, amesimama mlangoni anatazama maji yanavyokimbia barabarani. Pengo lake la mbele lilikuwa bado tupu. Meno ya wenzake yalikuwa yameshaota.

"Baba," akasema, "tuchukue ule mwavuli wa mama."

Fundi alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuwahi kumsimulia mtoto habari za mwavuli. Alikuwa na hakika na hilo, kama mtu anavyoweza kuwa na hakika na jambo lolote.

"Mwavuli gani?"

"Wa kijani. Wenye ufa."

Mvua ilipiga. Fundi alijua la kufanya. Kulikuwa na neno moja la kusema, neno lilelile lililomwokoa, na baada ya neno hilo amshike mtoto mkono watoke walowe wote wawili mpaka kwa Mwalimu. Akalisema.

"Sijui uliko, mwanangu. Mama hakuwa na mwavuli."

Kipusa aligeuka. Alimtazama baba yake kwa huruma, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu mwingine alivyokuwa akimtazama zamani, mtu aliyekuwa akishika mbavu akicheka.

"Mimi najua," akasema.

Na karafuu, kidogo tu, kama mtu aliyepita na kutoka.

Fundi alikaa chini pale pale sakafuni, kamba ya kiatu mkononi. Alimwona mkewe chini ya mvua, bega lake mwenyewe limelowa. Alijua ni uongo. Alijua umemgharimu nini, na alimwona mwanawe amesimama mbele yake, gharama ya safari hii. Ulimi ulikuwa unatafuta dua, na Mungu amrehemu, kilichotoka ni kingine.

"Uko wapi?" akauliza.